Kadi ya Kwanza ya Pointi za Safari Marekani: Namna ya Kuichagua Bila Kujifungia Milango

Benki za Marekani hutangaza kadi za safari kwa tarakimu moja kubwa: pointi 60,000, maili 75,000, mara nyingine 100,000. Anayeanza huvutwa na tarakimu hiyo, akaomba kadi ya kwanza iliyompitia machoni, kisha ya pili, kisha ya duka analonunua nguo kwa sababu keshia alimwahidi punguzo la asilimia 15. Mwaka ukigeuka, benki aliyoihitaji kuliko zote inamkatalia kwa sababu ya kadi hizo hizo alizozikimbilia. Ofa nzuri ikipita, nyingine huja. Mpangilio wa maombi ukiharibika, unasubiri miezi mingi, pengine miaka miwili. Ndiyo maana hapa tunaanza na hali yako, kisha sheria za benki, na kadi zenyewe zinafuata baadaye.

Kuna sharti moja kabla ya yote. Kama una deni la kadi unalolivuta mwezi hadi mwezi, achana na pointi kwa sasa. Riba ya kadi nyingi imezidi asilimia 20 kwa mwaka. Deni la dola 1,500 kwa riba ya asilimia 24 hula takriban dola 30 kila mwezi, wakati kununua vitu vya dola 1,500 kwa kadi nzuri hukupa pointi za thamani ya dola 20 hadi 40, tena mara moja tu. Ukishaacha kulipa salio lote, unapoteza pia ule muda wa bila riba, na manunuzi mapya yanaanza kutozwa riba tangu siku uliyonunua. Lipa deni kwanza, ofa utazikuta.

Hatua ya 1: Jua alama yako ya mkopo, na jua ni alama ipi

Chukua ripoti zako tatu za mkopo, za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, kwenye AnnualCreditReport.com. Ni bure, na unaweza kuzichukua kila wiki. Zisome mstari kwa mstari: jina limeandikwa sawasawa, anwani ni ya sasa, hakuna akaunti usiyoifahamu. Tofauti ndogo ya anwani kati ya fomu na ripoti inatosha kulifanya ombi liwekwe kando kwa ukaguzi. Kama uliwahi kufunga ripoti zako kujikinga na wezi wa utambulisho, zifungue kabla ya kuomba. Kufunga na kufungua ni bure kwa sheria ya nchi nzima tangu Septemba 2018, ila ripoti iliyofungwa humaanisha benki haioni kitu, na ombi linakwama papo hapo.

Alama ya mkopo, yaani namba inayoonyesha unaaminika kiasi gani kulipa madeni, inakwenda kutoka 300 hadi 850. Programu nyingi za bure za simu huonyesha alama iitwayo VantageScore, lakini benki nyingi huamua kwa nyingine iitwayo FICO, na hizo mbili zinaweza kupishana kwa makumi ya alama. Experian hukuonyesha FICO yako bila malipo, tumia hiyo. Ndani ya FICO, historia ya kulipa kwa wakati inabeba asilimia 35, kiasi unachodaiwa 30, umri wa akaunti 15, maombi mapya 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo 10.

Kipande cha asilimia 30 ndicho kinachorekebishika haraka kuliko vyote. Benki kwa kawaida huripoti salio lililopo siku taarifa ya mwezi inapofungwa, na hiyo si siku ya mwisho ya kulipa. Mwenye kadi yenye kikomo cha matumizi cha dola 1,000 anayetumia dola 800 na kulipa zote kwa wakati bado anaonekana kwenye ripoti kama mtu aliyebanwa, maana siku ya kufunga taarifa alikuwa ametumia asilimia 80. Lipa dola 750 siku tatu au nne kabla taarifa haijafungwa, salio linaloripotiwa liwe dola 50, na alama inaweza kupanda mwezi unaofuata. Fanya hivyo mwezi mmoja kabla ya kuomba kadi ya safari. Hakuna haja ya kufanya kila mwezi wa maisha yako.

Kwa makadirio ya kazi: FICO ya 700 na kuendelea, pamoja na mwaka mmoja au zaidi wa historia, inakuweka mahali pazuri pa kuomba kadi ya safari yenye ada ya dola 95 hivi. Kati ya 670 na 700 unaweza kupata, unaweza kukosa. Chini ya hapo, au kama huna historia kabisa, kuna njia ya kupita kwanza.

*Usiye na historia.* FICO haitoi alama mpaka uwe na akaunti iliyofikisha angalau miezi sita. Mgeni nchini, mwanafunzi, au mtu aliyeishi kwa fedha taslimu huanza na mojawapo ya haya. Kadi ya kuweka amana: unaiwekea benki dola 200, nayo inakupa kikomo cha dola 200, na kampuni ya Discover huanza kupitia akaunti ya namna hiyo baada ya miezi saba kuona kama inaweza kukurudishia amana. Au mtu wa familia mwenye kadi ya zamani inayolipwa vizuri akuongeze kama mtumiaji wa ziada, na historia ya kadi yake ikaonekana kwenye ripoti yako. (Akichelewa kulipa, na huo uchelewaji unaweza kukufuata. Chagua mtu kwa makini, udugu peke yake hautoshi.) Wasio na Social Security Number (namba ya hifadhi ya jamii) wanaweza kuomba baadhi ya kadi kwa ITIN, namba ya mlipa kodi, na Capital One ni mojawapo ya benki zinazoipokea. American Express imekuwa ikiangalia historia ya mkopo kutoka baadhi ya nchi za nje kupitia kampuni ya Nova Credit, kwa hiyo aliyekuwa na mkopo mzuri alikotoka aangalie kama nchi yake imo kwenye orodha.

Aliye chini ya miaka 21 afahamu kwamba sheria ya mwaka 2009 inamtaka awe na kipato chake mwenyewe au mdhamini. Kuanzia 21, fomu inakuruhusu kuhesabu pia kipato cha kaya unachoweza kukitumia kihalali, kwa mfano mshahara wa mwenzi wako.

Hatua ya 2: Hesabu matumizi yako kabla hujatazama bonasi

Bonasi, yaani zile pointi nyingi za mwanzo zinazotangazwa, ina sharti: utumie kiasi fulani ndani ya miezi mitatu, mara nyingi dola 3,000 hadi 5,000 kwa kadi za daraja la kati. Watu huangalia bonasi na kusahau sharti, au hukadiria matumizi yao kwa kubahatisha.

Fungua taarifa za benki za miezi mitatu iliyopita. Jumlisha yale tu yanayolipika kwa kadi bila ada ya ziada: chakula, mafuta ya gari, simu, intaneti, bima, dawa, nauli. Acha kodi ya nyumba nje, acha pesa unazotuma kwa ndugu, acha marejesho ya mkopo wa gari. Tuseme umepata chakula dola 620, mafuta 180, simu na intaneti 140, bima ya gari 165, mengineyo 245. Jumla ni 1,350 kwa mwezi, 4,050 kwa miezi mitatu. Mtu huyu analimudu sharti la dola 4,000 kwa shida, na la 5,000 halimudu kabisa. Afanye mojawapo: achague kadi yenye sharti dogo, au asubiri kipindi chenye gharama kubwa inayojulikana, kama bima ya miezi sita, karo, matairi mapya au tiketi ya ndege atakayonunua hata hivyo.

Kuna gharama mbili za kujazia sharti likikupungukia. Kodi ya mapato inaweza kulipwa kwa kadi kupitia kampuni zilizoidhinishwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa ada iliyo chini kidogo ya asilimia 2. Kodi ya nyumba mara nyingi huja na ada ya asilimia 2.5 hadi 3. Kulipa dola 20 za ada ili kufikia bonasi ya thamani ya dola 700 ni hesabu nzuri. Kuilipa ada hiyo kila mwezi kwa ajili ya pointi za kawaida ni hasara.

Vitu visivyohesabiwa: ada ya mwaka yenyewe, riba, kutoa fedha taslimu kwa kadi, na kuhamisha deni kutoka kadi nyingine. Kadi za zawadi ni hatari, hasa kwa American Express, ambayo masharti yake yanaruhusu kukunyima bonasi kwa ajili hiyo.

Ukiwa hapo hapo kwenye taarifa zako, andika pia matumizi makubwa yanaangukia wapi. Anayekula nje sana, anayenunua sana sokoni na anayesafiri sana kikazi hawafaiwi na kadi ya aina moja.

Hatua ya 3: Elewa aina tatu za pointi

Aina ya kwanza ni kadi za shirika moja la ndege au kundi moja la hoteli. Pointi zake zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika hilo na kukaa humo. Zina manufaa ya wazi, kama begi la kwanza bure, lakini shirika likipandisha bei ya tiketi za pointi usiku mmoja, huna pa kukimbilia.

Aina ya pili ni pointi za thamani isiyobadilika, senti moja kila moja, unazotumia kufuta gharama ya safari. Hazina utata, hazina maajabu.

Aina ya tatu ndiyo inayomfaa zaidi anayeanza mwenye alama nzuri: pointi za benki zinazohamishika. Chase inaziita Ultimate Rewards, American Express Membership Rewards, Citi ThankYou, na Capital One inaziita maili tu. Unazikusanya benki, halafu ukishaona nafasi kwenye ndege fulani ndipo unazihamisha. Air France na KLM zina mpango wao wa Flying Blue, Air Canada ina Aeroplan, British Airways ina Avios, na mipango hii inapokea pointi kutoka zaidi ya benki moja. Hapo ndipo miungano ya mashirika inapoingia: pointi za Aeroplan hununua tiketi ya shirika lolote la muungano wa Star Alliance lenye nafasi, zikiwemo ndege za United, Turkish na Ethiopian. Kwa hiyo usiulize “benki gani inahamishia kwa shirika ninalolipanda?” Uliza “ni mpango gani unaoweza kununua kiti kwenye shirika hilo, na benki gani inauhamishia?”

Kabla ya kuchagua benki, andika safari moja unayotaka kweli: kutoka uwanja gani, kwenda wapi, mwezi gani, watu wangapi. Fungua akaunti za bure kwenye Flying Blue na Aeroplan, tafuta tarehe hizo kwa pointi, uone zinahitajika ngapi. Kazi ya nusu saa hii watu wengi huiruka, kisha hujikuta na pointi 80,000 za hoteli wakati walihitaji ndege.

Hatua ya 4: Sheria za benki ndizo zinazopanga foleni

Chase ina kanuni inayojulikana kwa jina la 5/24. Kama ripoti yako inaonyesha umefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24 iliyopita, kwa kawaida watakukatalia hata ukiwa na alama 800. Hawaiandiki kwenye matangazo, lakini imeshuhudiwa kwa miaka mingi. Kadi za duka zenye nembo ya Visa au Mastercard zinahesabiwa. Hata kadi ambayo wewe ni mtumiaji wa ziada inaonekana kwenye hesabu, ingawa ukipiga simu unaweza kuwaomba waiondoe. Kanuni hii ndiyo sababu ya ushauri wa zamani wa kuanza na Chase: benki nyingine zinavumilia kadi nyingi, Chase haivumilii.

American Express, au Amex kwa kifupi, ina tabia tofauti. Bonasi ya kila kadi hutolewa mara moja tu katika maisha yako. Ukiichukua kadi yao ya Gold leo kwa bonasi ya pointi 60,000 na baada ya miezi minne ofa ikapanda, hurudii. Kwa hiyo kwa Amex hakuna haraka. Subiri ofa iliyo juu ya kawaida yake. Jambo zuri ni kwamba wanakuambia kama umekubaliwa kabla ya kufanya ukaguzi rasmi, yaani kuisoma ripoti yako kwa ajili ya ombi na kuacha alama humo, na kama hustahili bonasi ujumbe hutokea kwenye skrini kabla hujakamilisha ombi. Ukiuona, rudi nyuma usiendelee.

Capital One kwa kawaida huchukua ripoti zote tatu kwa ombi moja, wakati benki nyingine nyingi huchukua moja. Ina tabia isiyotabirika pia: wenye alama za juu hukataliwa, wenye za wastani hupita. Ina ukurasa wa kuangalia kwanza kama utakubaliwa, na ukurasa huo haugusi alama yako. Utumie kila mara. Citi kwa kadi yake ya Strata Premier hukunyima bonasi kama ulishaipata kwa kadi hiyo hiyo ndani ya miezi 48.

Ukaguzi rasmi mmoja hukaa kwenye ripoti miaka miwili, ingawa FICO inauhesabu kwa miezi 12 tu, na kwa kawaida hushusha alama chache. Hautishi ukiwa mmoja. Lakini kama unapanga kununua nyumba kwa mkopo ndani ya mwaka, usifungue kadi yoyote. Nusu asilimia ya riba kwenye mkopo wa nyumba hula bonasi zote utakazowahi kupata.

Hatua ya 5: Kadi zenyewe

Kwa watu wengi wenye FICO ya 700 na zaidi, jibu letu ni Chase Sapphire Preferred. Ada ni dola 95 kwa mwaka. Inatoa pointi 3 kwa kila dola ya mgahawa, 2 kwa safari za kawaida na 5 kwa safari zinazonunuliwa kupitia Chase yenyewe. Haina ada ya miamala ya nje. Bima yake ya gari la kukodi ni ya kwanza kulipa, maana yake ukigonga gari la kukodi huanzi kwa bima yako binafsi, na hilo ni jambo ambalo kadi nyingi za bei hiyo hazina. Pointi zake zinahamia hoteli za Hyatt, ambako mara nyingi pointi moja hununua zaidi kuliko kwenye makundi mengine makubwa ya hoteli.

Faida iliyofichika ya Chase ni jinsi kadi zake zinavyosaidiana. Freedom Unlimited haina ada, inatoa 1.5 kwa kila kitu na 3 kwa migahawa na maduka ya dawa. Peke yake ni kadi ya kurudishiwa pesa. Ukiwa na Sapphire, unazisukuma pointi za Freedom kwenye akaunti ya Sapphire, nazo zinageuka za kuhamishika. Kwa mwenye historia changa, Freedom inaweza kutangulia na Sapphire ikafuata baada ya mwaka. Ila usiende na Freedom nje ya nchi, hutoza asilimia 3 kwa kila muamala.

Asiyetaka kukumbuka makundi ya matumizi achukue Capital One Venture: dola 95 kwa mwaka, maili 2 kwa kila dola popote, bila ada ya nje. Maili hizo zinaweza kufuta gharama ya safari kwa senti moja kila moja, au kuhamishwa.

Asiyetaka ada hata kidogo aangalie Wells Fargo Autograph. Haina ada ya mwaka wala ya miamala ya nje, na inatoa 3 kwa migahawa, safari, mafuta, usafiri wa mjini na bili za simu.

American Express Gold ni nzuri kwa familia inayonunua chakula kingi: 4 kwa migahawa na 4 kwa supamaketi za Marekani, hadi dola 25,000 za supamaketi kwa mwaka. Lakini ada ni dola 325, na marupurupu yanayodaiwa kuirudisha yamekatwa vipande vidogo vya kila mwezi kwa kampuni maalumu. Unayosahau mwezi huu hayarudi. Tena Walmart, Target na maduka ya jumla kama Costco hayahesabiwi kuwa supamaketi, na Costco ya Marekani haipokei Amex hata kidogo. Kama kadi ya kwanza, kwa wengi ni mzigo.

Sapphire Reserve ya Chase ya dola 795 na Amex Platinum ya dola 895 si za kuanzia. Vyumba vya mapumziko vya uwanja wa ndege vinapendeza, lakini mtu anayeruka mara mbili kwa mwaka anavilipia ghali mno. Kadi za shirika la ndege zina mtu wake mmoja: anayeishi karibu na kitovu cha shirika hilo na kulipia mabegi kila safari. Familia ya watu wanne inayolipa mabegi kwenda na kurudi itarudisha ada kwa safari moja.

Hatua ya 6: Siku ya kuomba

Omba kupitia tovuti ya benki, ukiwa umeshailinganisha ofa hiyo na ile inayotolewa tawini. Mara nyingine tawi lina ofa bora. Piga picha ya skrini yenye bonasi, sharti na muda. Andika kipato cha mwaka kabla ya kodi, usikipambe. Omba kadi moja tu, kisha acha angalau miezi mitatu kabla ya ombi jingine. Miezi sita ni bora zaidi kwa mwenye historia changa.

Ukikataliwa, benki inalazimika kukutumia barua yenye sababu. Usiombe tena siku hiyo hiyo. Piga simu kwenye kitengo cha kupitia maombi, sema kwa upole kwamba umeona ombi halikupita na ungependa liangaliwe tena. Jibu sababu iliyotajwa, moja kwa moja. Wakisema una kikomo kikubwa tayari kwenye kadi yao nyingine, jitolee kuhamisha sehemu ya kikomo hicho. Wakisema historia ni fupi, shukuru, kata simu, rudi baada ya miezi sita. Hapo hakuna maneno yatakayosaidia.

Hatua ya 7: Miezi mitatu ya kwanza

Saa ya sharti huanza siku ya kukubaliwa, si siku bahasha inapofika. Weka malipo ya moja kwa moja ya salio lote siku hiyo hiyo unayofungua akaunti. Si ya kiwango cha chini, ambacho ndicho watu wengi huchagua bila kusoma. Jiwekee mwisho wiki mbili kabla ya mwisho wa benki, na uvuke sharti kwa dola 100 au 200. Ukirudisha dukani jaketi la dola 90 wiki ya mwisho, dola hizo zinatolewa kwenye hesabu, na aliyefika 4,003 anabaki na 3,913 na bila bonasi. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Makundi ya matumizi nayo yana mitego. Pointi 3 za mgahawa hutolewa kufuatana na msimbo wa biashara uliosajiliwa kwenye mashine ya malipo, si kwa kile ulichokula. Mgahawa ulio ndani ya hoteli mara nyingi huandikwa hoteli, na banda la chakula ndani ya uwanja wa michezo linaweza kuandikwa burudani. Fungua muamala kwenye programu ya benki uone umeandikwa kundi gani.

Hatua ya 8: Kuzitumia

Kila mara piga hesabu hii: bei ya fedha taslimu, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia pointi, gawa kwa idadi ya pointi. Tiketi ya dola 912 inayopatikana kwa pointi 47,000 na ada za dola 118 inakupa senti 1.69 kwa pointi, ichukue. Tiketi ya kwenda na kurudi ndani ya Marekani ya dola 340 kwa pointi 30,000 na dola 11.20 inatoa takriban senti 1.1, lipa fedha, tunza pointi. Jihadhari na British Airways kwa safari zinazopitia London kwa ndege zake, ambako ada za ziada zinaweza kufikia mamia ya dola.

Kuhamisha pointi kutoka benki kwenda shirika la ndege hakurudi nyuma. Fuata utaratibu huu bila kuuruka: tafuta kiti, hakikisha kinaonekana mpaka ukurasa wa malipo, hakikisha jina lako kwenye akaunti ya ndege na ya benki ni lile lile, ndipo uhamishe. Nyingi huingia ndani ya dakika, nyingine, kama za Singapore Airlines, huchukua siku moja au mbili, na kiti kinaweza kuondoka katikati. Si kila uhamisho ni pointi moja kwa pointi moja: pointi 250 za Amex hutoa 200 tu za shirika la JetBlue, na kwa mashirika ya Marekani kama Delta, Amex hutoza ada ndogo ya senti 0.06 kwa pointi, isiyozidi dola 99. Usiwahi kuhamisha “ili ziwepo tu.”

Hatua ya 9: Ada ya pili inapokaribia

Mwezi wa 11 tangu ufungue kadi, jiulize kama ungeilipa ada hiyo leo bila bonasi. Kama hapana, usifunge kadi haraka. Piga simu uulize kama kuna ofa ya kukubakiza. Amex na Citi hujulikana kwa kuzitoa, na dola 50 au pointi elfu kadhaa zinaweza kutosha. La sivyo, omba kubadilishiwa kadi iwe ile isiyo na ada ya benki hiyo hiyo: Sapphire Preferred hugeuka Freedom Unlimited, na akaunti inabaki na umri wake kwenye ripoti. Hili lisubiri mwaka utimie. Amex inaweza kukunyang'anya bonasi kama umefunga au kushusha kadi ndani ya miezi 12. Ada ikishatozwa, kwa kawaida bado una takriban siku 30 za kuamua na kurudishiwa.

Ukishusha Sapphire ukabaki na Freedom peke yake, pointi hazipotei lakini haziwezi kuhamia mashirika ya ndege mpaka upate Sapphire nyingine, kwa hiyo hamisha zile unazozihitaji kabla ya kupiga simu. Ukifunga kadi ya mwisho ya Chase, Amex au Capital One, pointi zote zilizobaki benki zinafutwa. Maili zilizokwishaingia kwenye akaunti ya shirika la ndege ni zako na zinabaki huko, kwa masharti ya shirika hilo kuhusu akaunti zinazokaa muda mrefu bila kutumika.